Thredi ya Nje Haiingii PJLIB Bila Kuandikishwa

Oktoba 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo huko Nyangalata, Kahama, uliporomoka. Wanaume watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 ikawa zamu ya Nyarugusu mkoani Geita, ambako watu 15 walinaswa katika mgodi wa RZ kisha wakaokolewa. Migodi mikubwa ya ukanda huu, kama Bulyanhulu na Geita, ina mitambo yake ya mawasiliano. Kwenye maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo, aliye chini mara nyingi humwita aliye kwenye winchi kwa kupaza sauti au kutikisa kamba.

Kama unaishi Kahama, Katoro au Mwakitolyo na unaijua lugha ya C, hapo pana kazi ya maana: simu ya duara. Vifaa vyake havitishi. Unahitaji kompyuta mbili ndogo za aina ya Raspberry Pi, moja mdomoni mwa duara na nyingine chini, kebo ya mtandao kati yake, spika, maikrofoni na kitufe kikubwa cha dharura. Kebo ya kawaida ya shaba ya Ethernet hubeba mawasiliano hadi mita 100, na kwa maduara mengi hiyo inatosha. Sauti unaiachia PJSIP, maktaba huria iliyoandikwa kwa C, inayofanya kazi kwenye Linux, Windows, macOS, Android na iOS. Intaneti haihitajiki, wala seva haihitajiki: kompyuta moja huipigia nyingine moja kwa moja kwa anwani yake ya IP.

Makala haya yanahusu kikwazo kimoja ambacho karibu kila anayejenga kifaa cha namna hii hukutana nacho, na ambacho kikitatuliwa kwa haraka haraka hurudi kwa sura mbaya zaidi.

Tatizo linavyojitokeza

Umeandika programu, umeijaribu mezani. Ukiandika amri kwenye kibodi, simu inatoka na sauti inasikika. Sasa unaunganisha kitufe cha dharura kwenye pini za GPIO, unakibonyeza, na programu nzima inakufa papo hapo. Kwenye skrini unaachiwa ujumbe wenye maneno haya:

```
Calling pjlib from unknown/external thread
```

Ujumbe huo unasema kwamba PJLIB, sehemu ya PJSIP, imeitwa na thredi isiyoifahamu. Thredi ni mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu, na programu moja huweza kuwa nayo mingi kwa wakati mmoja. Amri ya kibodi ilipitia thredi kuu, ile iliyoiwasha maktaba. Kitufe hakikupitia huko. Maktaba za GPIO kama wiringPi na pigpio huanzisha thredi zao zenyewe za kusubiri pini ibadilike, na funksheni uliyozikabidhi huitwa ndani ya thredi hizo. Kwa macho yako yote ni msimbo wako, katika faili lako. Kwa PJLIB, huyo aliyeingia hajulikani.

Kwa nini PJLIB inataka kuijua kila thredi

PJLIB ndiyo tabaka la chini kabisa la PJSIP. Kazi yake ni kuficha tofauti za mifumo endeshi: muda, soketi, kufuli na thredi. Kwa kila thredi hutunza rekodi yenye jina lake na taarifa nyingine chache, na pointa ya rekodi hiyo huiweka mahali ambapo kila thredi ina nafasi yake pekee. Kwenye Linux nafasi hiyo hutengenezwa kwa `pthread_key_create`, na kwenye Windows kwa `TlsAlloc`. Funksheni inapohitaji kujua imeitwa na nani, iwe ni kwa ajili ya kufuli au ya kuandika logi, huenda kuitazama nafasi hiyo. Ikiikuta tupu, ndipo inapopiga kelele.

Katika migodi mikubwa ya chini ya ardhi, mfanyakazi hutundika kibati chenye jina lake ubaoni kabla ya kushuka, ili walio juu wajue nani yumo. `pj_thread_register` ni ubao huo. Haianzishi thredi mpya, haibadilishi mwendo wa thredi iliyopo, wala haiipi ulinzi wowote. Inaandika tu kwamba thredi hii inajulikana, na jina lake ni hili.

Kabla ya kuitumia, jua kwanza ni thredi zipi hazihitaji. Iliyoita `pj_init`, au `pjsua_create` ambayo huita `pj_init` kwa niaba yako, huandikishwa hapo hapo. Kila iliyoanzishwa kwa `pj_thread_create` huandikishwa kabla msimbo wako haujaanza kukimbia. Thredi za kazi ambazo PJSUA, tabaka la juu la PJSIP, hujianzishia ni za kundi hilo, ndiyo maana ndani ya `on_incoming_call` au `on_call_state` unaweza kuita funksheni za maktaba bila hatua ya ziada. Zinazobaki ni za nje: ulizoanzisha kwa `pthread_create`, na zile ambazo maktaba nyingine imekuanzishia bila kukuambia, za GPIO, za kamera au za kusoma kifaa cha kupima gesi.

Kumbukumbu ni ya nani, na itadumu mpaka lini?

Wengi wakishauona ule ujumbe hutafuta jina la funksheni, huweka mistari mitatu mwanzoni mwa funksheni ya kitufe, huona simu imetoka, na hufunga kazi. Mistari hiyo huwa hivi:

```c
void kitufe(void)
{
    pj_thread_desc rekodi; /* hatari */
    pj_thread_t *thredi;
    pj_thread_register("kitufe", rekodi, &thredi);
    piga_simu_ya_dharura();
}
```

Msimbo huu unafanya kazi mara ya kwanza, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. `pj_thread_desc` ni safu ya namba 64 za aina ya `long`, yaani baiti 512 kwenye Linux ya biti 64. Maktaba haitengi kumbukumbu ya rekodi. Inaitumia hiyo uliyoileta wewe, na inashika pointa yake kwa muda wote thredi itakapokuwa hai. Hapa umeleta kigeu kilichomo kwenye staki ya funksheni `kitufe`. Funksheni ikimalizika, sehemu ile ya staki hutumiwa na funksheni nyingine kwa mambo mengine. Thredi ya GPIO haijafa, inasubiri kubonyezwa tena. Pointa ya maktaba bado inaelekea pale pale, lakini panapoelekewa pana takataka.

Mara ya pili lolote laweza kutokea. Programu inaweza kufa, inaweza kuandika jina la ajabu kwenye logi, au inaweza kuendelea salama kwa wiki kadhaa na kuanguka siku ambayo kitufe kinahitajika kweli. Hitilafu ya namna hii haionekani pale ilipozaliwa, kwa hiyo atakayeitafuta atahangaika na sauti, kebo na umeme kabla hajafikiria mistari mitatu iliyoonekana kufanya kazi.

Kanuni ni moja: rekodi iishi angalau sawa na thredi inayoitumia. Njia tatu zinatimiza hilo.

Ya kwanza ni `static`. Inatosha endapo una hakika kwamba ni thredi moja tu itakayopita hapo maisha yote ya programu. Zikipita mbili, zitagombania rekodi moja. PJLIB ina ukaguzi wa kugundua rekodi iliyokwisha kutumiwa na thredi nyingine, lakini ukaguzi huo ni wa `pj_assert`, na huondolewa programu ikijengwa kwa `NDEBUG`.

Ya pili ni kuiweka rekodi ndani ya muundo wa data unaoambatana na thredi, ule unaoutenga kwa `malloc` kabla ya `pthread_create` na kuuachia baada ya `pthread_join`. Waandishi wa PJSIP wenyewe hufanya hivi. Katika sehemu inayotumia PortAudio, ambako sauti hutoka kwenye thredi za nje, rekodi imewekwa ndani ya muundo wa mkondo wa sauti.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa simu ya duara: `_Thread_local` ya C11. Kigeu chake kina nakala moja kwa kila thredi, huzaliwa nayo na hufa nayo. Huhitaji kuhesabu thredi wala kukumbuka kuachia kumbukumbu.

Mlango mmoja kwa wote

Andika funksheni moja, na kila msimbo unaoweza kuitwa kutoka nje upitie hapo kwanza:

```c
static _Thread_local pj_thread_desc rekodi;

static pj_status_t ingia_pjlib(const char *jina)
{
    pj_thread_t *thredi;

    if (pj_thread_is_registered())
        return PJ_SUCCESS;

    pj_bzero(rekodi, sizeof(rekodi));
    return pj_thread_register(jina, rekodi, &thredi);
}

void kitufe(void)
{
    pj_str_t juu = pj_str("sip:192.168.1.20");

    if (ingia_pjlib("kitufe") != PJ_SUCCESS)
        return;
    pjsua_call_make_call(akaunti, &juu, NULL, NULL, NULL, NULL);
}
```

Kila mstari una sababu yake. Swali la `pj_thread_is_registered` huulizwa maktaba yenyewe. Usitunze alama yako mwenyewe ya kukumbuka kwamba thredi imeshaandikishwa, maana ukiizima maktaba na kuiwasha upya, ile nafasi ya thredi hufutwa na kutengenezwa nyingine. Alama yako itasema ndiyo, maktaba itasema hapana. `pj_bzero` inasafisha rekodi ili ule ukaguzi wa matumizi ya awali usipotoshwe na kilichokuwemo. Pointa `thredi` inaweza kukaa kwenye staki bila wasiwasi, kwa sababu ni jibu unalopewa tu. Kinachopaswa kudumu ni `rekodi`.

Jina liwe fupi, chini ya herufi 30, na lisiwe na alama ya asilimia, maana hupitishwa kama kielezo cha uchapishaji. Jina lina faida utakayoiona kwenye logi. Ongeza `PJ_LOG_HAS_THREAD_ID` kwenye mapambo ya logi kwa `pj_log_set_decor`, nawe utaona kila mstari umeandikwa na thredi ipi.

Zingatia pia kwamba thredi hujiandikisha yenyewe. Thredi kuu haiwezi kuiandikisha ya kitufe kwa niaba yake, kwa sababu nafasi inayojazwa ni ya yule anayeita.

Mpangilio wa kuwasha na kuzima

Mlango huo hausaidii kama nyumba yenyewe haijasimama. Kitufe kikibonyezwa kabla `pj_init` haijamaliza, hakuna ubao wa kuandikwa. Kwa hiyo washa maktaba kwanza, anzisha akaunti na usafirishaji wa SIP, kisha ndipo uiambie maktaba ya GPIO ianze kusikiliza pini. Wakati wa kuzima fuata kinyume chake: kata usikilizaji wa pini, hakikisha thredi za nje zimemaliza kazi zao, halafu ndipo uite `pjsua_destroy`.

Kwa kifaa cha machimboni hili ni jambo la kila siku. Umeme wa jenereta hukatika na kurudi, kompyuta huwaka upya, na mtu aliye chini anaweza kubonyeza kitufe wakati programu bado inaamka. Bila mpangilio huo, kubonyeza mapema kunaiua programu ambayo sekunde mbili baadaye ingekuwa tayari.

Wakati mwingine ni afadhali usiingie kabisa

Thredi ya nje si lazima iiguse PJLIB. Inaweza kupeleka habari tu kwa thredi inayojulikana, nayo ikafanya kazi. Tengeneza bomba kwa `pipe`. Anzisha thredi moja kwa `pj_thread_create`, ambayo kazi yake ni kusubiri kwenye `read`. Funksheni ya kitufe ibaki na mstari mmoja unaoandika baiti moja kwenye bomba. Thredi inayosubiri inaamka na kupiga simu.

Njia hii ina faida tatu. Kwanza, inakubali hata thredi zinazozaliwa na kufa kila tukio. Pili, thredi ya GPIO haikwami ikisubiri kufuli la maktaba, kwa hiyo mibonyezo inayofuata haipotei. Tatu, ndiyo njia inayofaa kwa kishughulikia ishara za Unix kama `SIGTERM`, mahali ambapo `write` inaruhusiwa na kanuni za POSIX, lakini PJLIB haifai kuitwa hata kama thredi imeandikishwa.

Wengine hudhani watakwepa uandikishaji kwa kutumia `pjsua_schedule_timer2`, ili kazi ifanywe baadaye na thredi ya PJSUA. Kuweka kipima muda ni kuita maktaba vilevile. Nako kunahitaji uwe umeandikishwa.

Simu ya msimamizi yenye Android

Huenda ukataka mwenye duara apokee simu hiyo kwenye simu yake ya mkononi, kupitia programu ya Java inayotumia PJSUA2. Sharti ni lile lile, isipokuwa funksheni inaitwa `libRegisterThread` na PJSUA2 hujitengea kumbukumbu ya rekodi yenyewe. Inaishikilia kumbukumbu hiyo, kwa hiyo usiandikishe thredi mpya kila tukio. Tumia moja ya kudumu.

Java ina mtego wa ziada. Kikusanya taka cha Java hufuta vitu vya PJSUA2 kwa wakati kinachojichagulia, kwenye thredi yake ambayo PJLIB haiijui. Programu inaweza kuanguka hata kama hakuna aliyegusa chochote. Usikiachie kikusanya taka kazi hiyo: ukimaliza na kitu kama `Call`, ita `delete` mwenyewe kutoka kwenye thredi iliyoandikishwa.

Kuandikishwa si kinga

Thredi mbili zilizoandikishwa bado zinaweza kuharibiana. Bwawa la kumbukumbu la PJLIB, `pj_pool_t`, halikuundwa kutumiwa na thredi nyingi kwa pamoja bila kufuli. Ukihitaji bwawa kwenye thredi ya kitufe, lipe la peke yake. Angalia pia kufuli zako. Ukiita PJSUA huku umeshika kufuli lako, na funksheni yako ya `on_call_state` nayo inalitaka kufuli lile lile, thredi mbili zitasubiriana milele. Chukua unachokihitaji, achia kufuli, ndipo uite maktaba.

Kabla ya kukipeleka duarani

Jenga toleo la majaribio bila `NDEBUG`, likiwa na `-g`. Ukiwa na `NDEBUG` ule ujumbe hutauona. Maktaba itaendelea na pointa tupu mpaka ianguke mahali pengine. Programu ikifa, ifungue kwa `gdb`, andika `bt`, itafute `pj_thread_this`, kisha shuka kwenye orodha mpaka uione funksheni yako. Iliyo chini yake itakuonyesha ni maktaba gani iliyoanzisha thredi hiyo. Kutafuta rekodi iliyosahauliwa kwenye staki, jenga kwa `-fsanitize=address` na uwashe `detect_stack_use_after_return=1`.

Kisha fanya majaribio manne. Bonyeza kitufe mara moja, subiri dakika kadhaa, bonyeza tena. Hitilafu ya staki hujificha kwenye mbonyezo wa pili. Bonyeza mfululizo kwa kasi. Bonyeza wakati programu inawaka. Bonyeza wakati inazima.

Ukija kukutana na maktaba nyingine yenye sharti la aina hii, uliza maswali matatu: nani anapaswa kuandikishwa, kumbukumbu inatoka kwa nani, na kuondoka kunafanywaje? Majibu hutofautiana. Maktaba ya C ya MySQL inataka `mysql_thread_init` mwanzoni na `mysql_thread_end` mwishoni. JNI inataka thredi iliyoingia kwa `AttachCurrentThread` itoke kwa `DetachCurrentThread`, na Android huiua programu ambayo thredi yake imekufa bila kufanya hivyo. Python hutaka `PyGILState_Ensure` na `PyGILState_Release` kuzunguka kila ziara.

Jambo la mwisho ni la waya. Hata msimbo ukipita majaribio yote, kitufe cha dharura kisitegemee programu peke yake. Chagua kitufe chenye jozi mbili za mguso: moja iende kwenye pini ya GPIO, nyingine iende moja kwa moja kwenye king'ora cha betri kilichoko mdomoni mwa duara. Programu ikigoma, mtu wa winchi atakuwa bado amesikia.